Monita mbili kushoto, kulia hakuna: miezi minane na simuleta yangu ya ndege

Kwa miaka miwili nilikuwa natua kwa kubahatisha. Nilikuwa na monita moja ya inchi 27, usukani uliobanwa kwenye ukingo wa meza, pedali chini, na X-Plane 12, programu ya kurushia ndege kwenye kompyuta. Kupaa hakukunisumbua, na safari ndefu hazikunisumbua. Tatizo lilikuwa mzunguko wa uwanja, yaani kupaa, kuuzunguka uwanja na kurudi kutua, na lilinikuta mahali pale pale kila siku: niko kwenye daunwindi, narudi sambamba na njia niliyorukia, upepo uko mgongoni, na njia yenyewe iko nje ya dirisha la kushoto ambalo mimi sina. Nabonyeza kitufe cha kugeuza macho, naiona njia. Nayarudisha macho mbele, nakuta ndege imeshapanda futi 150 na pua imeelekea kwingine.

Wanafunzi wa urubani hufundishwa kipimo rahisi: anza kukata kona ya beisi, ile inayokutoa kwenye daunwindi kurudi upande wa njia, pale mwanzo wa njia unapoonekana nyuma ya bega lako, digrii 45 nyuma ya bawa. Ukihesabu kutoka puani mwa ndege, hizo ni digrii 135. Naomba uishike namba hiyo, kwa sababu monita zangu zote zimepangwa kwa ajili yake, na ndiyo iliyonifanya niachane na mpangilio wa kawaida.

Ninachotathmini hapa ni monita tatu za inchi 27 za modeli moja, paneli ya IPS, pikseli 2560 kwa 1440. Monita ndogo ya inchi 21.5 kwa ajili ya dashibodi. Mikono ya kushikilia niliyoanza nayo na stendi niliyoishia kuitengeneza mwenyewe. Na jinsi X-Plane 12 inavyozigawia monita hizo kazi. Nimerusha nazo karibu kila jioni kwa miezi minane. Kazi yangu ya mchana ni useremala, kwa hiyo nikizungumzia mbao na pimamaji ujue niko nyumbani.

Nilianza kama wanavyoanza wengi: monita moja katikati, moja kila upande, halafu Nvidia Surround, programu ya kadi ya grafiki, ikaziunganisha zote tatu kuwa skrini moja ya pikseli 7680 kwa 1440. Inafanyika kwa dakika chache, na kuna hata sehemu ya kurekebisha picha ili kingo za plastiki zisiharibu mistari. Mara ya kwanza nilipoiwasha nilikaa kimya. Mbele yangu kulikuwa na mbingu pana kuliko meza.

Nilipoanza kuteleza ardhini kuelekea njiani ndipo nilipoona kasoro. Mahanga ya pembeni, yaani majengo ya kuwekea ndege, yalikuwa yamevutika kama chapa iliyochorwa kwenye mpira. Lori la mafuta likija kutoka kushoto lilikuwa refu kama treni, halafu likajikunja na kuwa lori la kawaida lilipofika katikati. Sababu yake ni ya kijiometri, wala si hitilafu. Picha moja pana huchorwa kana kwamba skrini zote zimesimama kwenye mstari mmoja ulionyooka kama ukuta. Kitu kilicho digrii 60 kutoka katikati huchorwa na upana mara 4 ya ule ambao kingekuwa nao kikiwa katikati. Kama kweli ungezipanga monita ukutani, jicho lingeupokea ule mvuto na kuona umbo sahihi. Lakini sisi tunazikunja monita zituzunguke, na ukishazikunja, hesabu ile haifai tena.

X-Plane ina dawa, na ndiyo maana nimebaki nayo. Kwenye ukurasa wa mipangilio ya grafiki, kila monita inaorodheshwa peke yake. Unaiambia kila moja ichore mandhari kwa ukamilifu, kisha unaijazia namba zake: upana wa uono wake kwa digrii, imegeuka digrii ngapi kushoto au kulia, juu au chini, na imelala kiasi gani. Monita ya pembeni haipewi tena kipande cha picha ya katikati. Inachora kile ambacho dirisha la upande ule lingekuonyesha. Surround nikaizima siku hiyo hiyo, kila monita ikabaki huru.

Namba hizo hazikisiwi. Zinapimwa, na hapa ndipo ninapomsihi msomaji asiwe na haraka. Kaa kwenye kiti unavyokaa ukiruka, mgongo umeegemea, mikono kwenye usukani. Binti yangu alishika mwanzo wa tepu karibu na jicho langu, mimi nikasoma mwisho wake kwenye kioo cha katikati: sentimita 60. Sehemu inayowaka ya monita ya inchi 27 ina upana wa sentimita 59.8. Gawa nusu ya upana kwa umbali, tafuta pembe yake kwenye kikokotoo, zidisha kwa 2: digrii 53. Huo ndio upana wa uono wa kila monita, kwa kiti changu. Ukikaa sentimita 70, monita ile ile ni digrii 46 tu. Ukiandika namba kubwa kuliko ile ya kweli, njia ya kurukia inaonekana ndogo na iko mbali, nawe unachelewa kuinua pua wakati wa kugusa chini. Nilitua kwa kishindo kwa miaka miwili kwa sababu hiyo, nikidhani ni mikono yangu.

Baada ya hapo nikageuza monita za pembeni kwa digrii 53 kila moja. Binti yangu akasimama nyuma ya kiti, akatazama, akasema, "Baba, mbona njia imekatika?"

Kweli, ukingo wa kushoto wa njia ya kurukia ulikuwa na ngazi. Ulifika mwisho wa monita ya katikati, kisha ukaendelea kwenye monita ya kushoto ukiwa umeruka hatua. Nilikuwa nimesahau plastiki. Monita zangu zina sentimita 1 ya ukingo mweusi kila upande, kwa hiyo kati ya picha na picha kuna sentimita 2 ambazo hazichori kitu, lakini jicho linazihesabu. Kutoka kwenye kiti changu hizo ni digrii 1 na nusu hivi. Nikaacha upana wa uono kwenye 53, nikaweka mgeuko 54.5. Mstari ukaunga. Sasa unapita nyuma ya plastiki kama unavyopita nyuma ya nguzo ya dirisha, na akili inaukubali bila ubishi.

Nilipata furaha kwa wiki mbili hivi. Halafu nikajumlisha. Monita ya pembeni iko digrii 54.5 kutoka puani, na inaongeza nusu ya uono wake, 26.5. Jumla ni 81. Bawa lenyewe liko digrii 90. Maana yake ni kwamba pamoja na monita tatu, waya zote zile na kadi ya grafiki inayopuliza joto, nilikuwa sioni hata ncha ya bawa langu moja kwa moja upande, sembuse njia iliyoko digrii 135. Bado nilikuwa nabonyeza kitufe kile kile kwenye daunwindi. Na ukigeuza macho kwa kitufe ukiwa na monita tatu, dunia yote inazunguka kukuzingira kwa pamoja, jambo linalotia kizunguzungu kuliko kwenye monita moja.

Basi nikaitoa monita ya kulia, nikaihamishia kushoto, nyuma ya ile ya kushoto.

Mzunguko wa kawaida wa uwanja ni wa kona za kushoto, isipokuwa pale ambapo uwanja wenyewe umeagiza vingine. Rubani wa ndege ndogo ya Cessna 172 anakaa kiti cha kushoto. Macho yake wakati wa kutua yanafanya kazi mbele na kushoto; upande wa kulia kuna kiti cha mwenzake na dirisha la mbali. Monita ya tatu nikaipa mgeuko wa digrii 109, yaani 54.5 mara 2, ukingo wake wa mwisho ukafika 135.5. Ile 135 niliyoomba uishike imo ndani, na nusu digrii imebaki.

Jioni ya kwanza niliruka mizunguko 9 mfululizo. Kwenye daunwindi njia inaingia monita ya kushoto, inateleza taratibu kuelekea nyuma, inavuka plastiki, inaingia monita ya bega. Nageuza shingo, shingo yangu ya kweli, si kitufe. Namba kubwa zilizopakwa mwanzoni mwa njia zinafika karibu na ukingo wa mwisho, nami nalaza usukani kushoto. Njia inarudi mbele kupitia zile monita moja baada ya nyingine mpaka inasimama katikati ya kioo cha mbele. Katika mizunguko ile 9 sikugusa kitufe cha kugeuza macho hata mara moja.

Kuna unachopoteza, na sitaki kuficha. Kulia naona digrii 26.5 tu. Ndege nyingine ikija kutoka upande huo siioni, na uwanja wenye mzunguko wa kulia unanirudisha kwenye kitufe. Anayerusha ndege kubwa za abiria, ambazo nyingi hunyooshwa mbali kabisa na uwanja na kuja moja kwa moja, hana haja na mpangilio huu. Huyo abaki na moja kila upande. Anayerusha helikopta naye anataka kuona pande zote mbili na chini. Mpangilio wangu ni wa ndege ndogo na viwanja vidogo.

Sasa stendi, ambako nilipoteza muda kuliko kwingine kote. Nilinunua mkono wa monita tatu unaobanwa kwenye meza: nguzo moja katikati, matawi mawili marefu. Kwenye karatasi ulibeba uzito wa monita zangu na kubakiza. Lakini monita iliyo mwisho wa tawi refu ni kama ndoo iliyoning'inizwa kwenye ncha ya mti wa uvuvi. Nikikaza jioni, asubuhi imeshuka milimita 4. Milimita 4 ni kidogo kwa mtu anayeandika barua. Kwa rubani, upeo wa macho unashuka ngazi kati ya skrini na skrini, na jicho halitulii; linakuambia ndege imelala wakati haijalala. Nikabadilisha nikachukua mikono yenye springi ya gesi, mmoja kwa kila monita. Huo nao ulikuwa na kiwango cha chini cha uzito ambacho monita yangu bila mguu wake haikukifikia, ikawa inapanda yenyewe. Na yote miwili ilikuwa na kasoro moja ya pamoja: imebanwa kwenye meza ile ile yenye usukani. Ukivuta usukani, mbingu inatetemeka.

Nikafanya ninachokijua. Mbao za mbili kwa nne, nguzo tatu zinazosimama sakafuni, kila nguzo na miguu yake mipana, zote zimeungwa chini kwa ubao mmoja uliokatwa kwa pembe ya 54.5. Meza haigusi nguzo popote. Mgongoni mwa kila monita kuna matundu manne ya kipimo cha VESA, milimita 100 kwa 100, yanayopokea skrubu za M4. Nikakata kipande cha plaiwudi ya milimita 18, nikatoboa matundu manne ya monita, na manne mengine marefu kidogo ya kufungia kwenye nguzo ili niweze kupandisha na kushusha kabla ya kukaza. Chora duara sakafuni lenye nusu kipenyo cha sentimita 60, kitovu chake kikiwa chini ya kichwa chako, na kila kioo kiguse duara hilo katikati yake. Pimamaji juu ya kila monita, kisha washa simuleta, nenda juu ya bahari, hewa tulivu, utazame mstari wa bahari na anga. Pimamaji inakufikisha karibu. Bahari ndiyo inayomaliza kazi. Tangu nikaze skrubu za mwisho sijazigusa tena.

Faida ambayo sikuitarajia: kwa kuwa kulia kuko wazi, naingia na kutoka kwenye kiti bila kukisogeza. Waliozingirwa pande zote mbili wanarudisha kiti nyuma kila mara, na kila kiti kikirudi mahali tofauti, zile sentimita 60 zimeshapotea.

Kuhusu nguvu ya kompyuta, usidanganyike na wazo kwamba monita ya ziada ni waya tu. Monita moja ya aina hii ina pikseli 3,686,400. Tatu ni 11,059,200, yaani theluthi moja zaidi ya skrini ya 4K. Zaidi ya hapo, X-Plane ikipewa monita tatu zenye mgeuko tofauti inachora mandhari mara tatu, na kazi hiyo inaielemea prosesa, si kadi ya grafiki peke yake. Kwangu fremu, yaani picha zinazochorwa, zilishuka kutoka 60 hivi kwa sekunde hadi thelathini na kitu, na juu ya miji mikubwa chini ya hapo. Ni jambo la kuangalia kwa makini, kwa sababu fremu zikishuka chini ya 20, X-Plane inapunguza mwendo wa muda wenyewe: ndege inaruka kama iko ndani ya asali. Nilichopunguza ni vivuli na wingi wa majengo. Ubora wa picha za ardhi niliuacha juu, maana huo unakula kumbukumbu ya kadi na kadi yangu inayo ya kutosha. Monita ya bega nimeishusha hadi 1920 kwa 1080. Pale ninatazama njia na miti kwa sekunde mbili, sisomi maandishi.

Monita ndogo ya dashibodi naipa alama zote. Kioo cha inchi 27 kwa kimo kinakupa digrii 31 tu, na ukitaka kuona geji na njia kwa wakati mmoja lazima kimoja kati ya hivyo kipunjwe. Nikaiweka monita ya inchi 21.5 chini, imelala kidogo nyuma ya usukani, na zile skrini mbili za Garmin G1000, yaani geji za kidijitali za rubani, nikazichomoa kwenye dashibodi kama madirisha yanayojitegemea nikazipeleka huko. Skrini ya G1000 ya kweli ni ya inchi 10.4, upana wake sentimita 21 hivi. Mbili zinakaa bega kwa bega kwenye monita yenye upana wa sentimita 47.6, na nafasi kidogo inabaki. Nimezipima kwa rula mpaka zikawa na ukubwa halisi. Skrini ya katikati sasa ni kioo cha mbele peke yake, injini na anga. Wanaotumia Microsoft Flight Simulator wanaweza kufanya jambo hilo hilo: shika Alt ya kulia, bofya skrini ya kifaa, inachomoka.

Kadi nyingi za grafiki zina matundu matatu ya DisplayPort na moja la HDMI, kwa hiyo monita nne zinatosha bila adapta. Jambo moja linaudhi: monita iliyounganishwa kwa DisplayPort ukiizima kwa kitufe chake, kompyuta inaweza kuiona kama imechomolewa, na madirisha yako yote yanahama. Nimezoea kuwasha zote nne kwanza, kompyuta mwisho. Waya ya monita ya bega ni ya mita 3, na ya kwanza niliyonunua ilikuwa inazima picha kwa nusu sekunde kila baada ya dakika chache. Nilihangaika wiki nzima na madereva na mipangilio. Ilikuwa waya. Iliyothibitishwa kwa viwango imemaliza tatizo.

Rangi pia. Mbili nilizinunua pamoja, ya tatu miezi miwili baadaye, modeli ile ile, na anga yake ilikuwa na umanjano. Mchana huwezi kuona. Jua likianza kuzama, unaona mahali ambapo jioni moja inakoma na nyingine inaanza. Weka picha ya kijivu tupu kwenye skrini zote, ingia kwenye menyu ya monita yenyewe, shusha nyekundu na kijani kidogo kidogo mpaka plastiki ya katikati ionekane kama imewekwa juu ya karatasi moja. Ilinichukua jioni nzima na ninaihesabu kuwa jioni niliyoitumia vizuri.

Nimeulizwa kwa nini sikuchukua skrini moja iliyopinda ya inchi 49. Ni nzuri, haina plastiki katikati, lakini ukikaa mbali vya kutosha kuiona vizuri haifiki hata kwenye bawa. Miwani ya uhalisia pepe inakupa pande zote, ila mimi naandika maelekezo ya mnara wa kuongozea ndege kwenye karatasi na nataka kuona kalamu yangu.

Alama zangu: monita zenyewe 4 kati ya 5, kwa sababu ya ile tofauti ya rangi. Mkono wa nguzo moja 1. X-Plane 12 kwa monita nyingi 5, nikijua kabisa inavyokula kompyuta. Monita ya dashibodi 5. Ukiwa na uwezo wa kuongeza kitu kimoja tu mwaka huu, ongeza monita ya pili, uiweke kushoto, uigeuze zaidi ya wengine wanavyoigeuza, hata ikiacha pengo kati yake na ya katikati. Kwangu, monita hiyo ingekuwa kwenye 109, na ndani yake zile namba nyeupe za mwanzo wa njia zikisogea kuelekea ukingo.